Kuchukua kitanda, kabati na meza Mafinga tukirudi Dar baada ya Krismasi: pikapu itatosha? Nikague nini?

BintiKimara

Wakuu, habari za jioni. Krismasi hii tunakwenda Mbeya kwa wakwe. Tunaondoka Dar tarehe 21 Desemba, na kurudi tunaondoka Mbeya tarehe 28. Tarehe 30 asubuhi lazima niwe kazini.

Kuna fundi Mafinga tumempa kazi na advansi nusu imeshatoka: kitanda cha sita kwa sita cha mninga, meza ya chakula ya mninga (futi 6 kwa futi 3) na viti vyake sita, halafu kabati la nguo la paini la milango mitatu, upana futi 6 na kimo futi 7, mlango wa kati una kioo. Anasema tarehe 23 kila kitu kitakuwa kimepakwa vanishi, sisi ni kupita na kupakia. Gari ni pikapu dabo kebini.

Naomba msaada kwa wanaojua: mzigo huu unaingia kwenye pikapu? Nikague nini kabla ya kumalizia malipo? Njiani kuna kibali chochote? Na mvua za huko mwezi huo pamoja na ule mteremko wa Kitonga, tufungeje?

---

RandaNaMsasa (Njombe)

Kamwene dada. Kuna kitu umekiruka. Barabara ya Mbeya inakupitisha Mafinga kwenye kwenda na kwenye kurudi, na siku yenye faida kwako ni ile ya kwenda. Mpigie fundi leo: asipake chochote na asigandishe uso wa meza kwenye miguu yake mpaka mpite tarehe 21. Samani ikishapakwa vanishi unalipia rangi, huoni mbao.

Ukifika ikiwa bado haijapakwa, anza na mninga. Moyo wake ni kahawia yenye michirizi, lakini pembeni mwa gogo kuna sehemu nyeupe-manjano. Hiyo nyeupe ndiyo bungua wanayoipenda. Baada ya mwaka utaona unga laini kama poda chini ya kitanda. Fundi mwenye haraka huiacha ndani ya mbavu za kitanda au upande wa chini wa meza, kisha anaifunika kwa rangi ya kahawia. Geuza kila kipande. Nyeupe upana wa kidole sehemu iliyojificha unaweza kuvumilia, ila ubavu mzima mweupe kataa. Angalia pia ncha za miguu ya viti: ukiona duara pana za rangi mbili zinazopishana na vifundo vya mviringo, hiyo ni paini iliyopigwa rangi, na uzito wake utakwambia hivyo hivyo.

Kwenye maungio, ulimi uingie kwenye tundu kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mbao. Ukiona mchanganyiko wa gundi na unga wa msumeno umejazwa pembeni, ujue tundu lilizidi na lile ni pengo limezibwa. Kwenye kiti, ungio la kukagua kwa makini ni la ubavu wa kalio na mguu wa nyuma, kwa sababu mtu akiegemea nguvu yote inaishia pale. Shika mgongo wa kiti, kiegemeze kwenye miguu miwili ya nyuma na usukume. Kikilia sasa, Dar kitaachia.

Unyevu ndio unaovunja samani nyingi zinazoshuka kutoka huku. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Desemba ni mvua tupu; mbao iliyopasuliwa Oktoba na kurundikwa bila vijiti vya kupitisha hewa bado ina maji. Kama fundi hana kipima unyevu, omba kipande kilichobaki kutoka mbao ile ile, kipime kwa mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni ya moto mdogo mpaka uzito usishuke tena. Kikitoka gramu 580 kikaishia 500, maji yalikuwa 80 kwa 500, yaani asilimia 16. Kwa nyumba ya Dar isiyo na kiyoyozi nataka 12 hadi 14. Kwa chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa, chini ya hapo kidogo.

Mninga ni mpole, hauchezi sana. Hata hivyo uso wa sm 90 unaweza kutanuka au kusinyaa milimita 3 au 4 kwa mwaka. Paini ya upana huo ni kama mara mbili yake. Kwa hiyo uso wa meza usipigwe skrubu za kubana moja kwa moja kwenye fremu. Tundu la skrubu kwenye fremu litobolewe refu kama yai, urefu wake ufuate upana wa meza, na chini ya kichwa cha skrubu iwekwe washa, kile kibati cha duara chenye tundu. Uso ukitaka kutanuka, skrubu inatembea nao. Ukiona umegandishwa gundi pande zote nne, utapasuka katikati, na lawama atapewa dereva.

Sasa ubebaji. Mwambie fundi kila kitu kifunguke. Kitanda: kichwa, miguuni, mbavu mbili, boriti ya kati yenye mguu wake, chaga. Kila kona bolti mbili za namba 8, jumla nane, zenye washa pana. Spana yake ni 13, nunua yako uweke garini. Boriti ya kati usiiache, kwa sababu chaga ya futi 6 bila kiegemeo katikati itabonyea hata ikiwa ya mninga. Chaga za inchi 4, nafasi ya vidole vitatu hadi vinne kati yake, zinatosha 12. Kabati alitengeneze masanduku mawili, moja la futi 4 na moja la futi 2, yanaungana kwa bolti nne. Milango itoke na bawaba zake. Kioo kisipachikwe kabisa, kipachikwe Dar.

Mwisho kuhusu paini: vifundo vyake hutoa utomvu vikipata joto la pwani, unapenya vanishi na kunata kwenye nguo. Kila kifundo kipakwe shelaki (vanishi ya spiriti inayozuia utomvu) mara mbili kabla ya sila, yaani mpako wa kwanza wa kuziba mbao. Na kama mbao yoyote ya kabati ina ukijani-kijani, uliza. Hiyo huenda ni mbao ya dawa ya kuezekea. Ina shaba na aseniki, mahali pake ni darini.

---

Kenta_ya_Changarawe (Mafinga)

Mkuu wa randa kamaliza ya karakana, mimi niseme ya gari.

Bodi ya dabo kebini ni kama mita moja na nusu kwa moja na nusu, ukuta wa pembeni kama sm 45. Ukilaza mlango wa nyuma unapata nusu mita nyingine ya kuegemeza. Kitanda, meza na viti sita vinaingia. Kabati haliingii. Hata likiwa masanduku mawili, yana kimo cha sm 213 na kina cha sm 60. Ukiyalaza yamejaza gari peke yake. Usijaribu kuyapandisha juu ya kitanda: upepo wa lori mnapopishana kule tambarare ya Mikumi utalikamata sanduku kama tanga. Kabati lipande Kenta au fuso la mbao linaloshuka Dar, yapo kila siku. Lipakiwe siku hiyo hiyo mkiwepo, lilale kwa mgongo, lisilale kwa upande wa milango.

Upangaji wa pikapu: tandika chini boksi zilizofunguliwa au godoro kuukuu. Mbavu, boriti na chaga zinalala chini kwa urefu, ncha zinatokeza kwenye mlango wa nyuma. Kichwa cha kitanda na uso wa meza visimame kwa ubavu, kwa urefu wa gari, vikiegemea ukuta mmoja, uso ukitazama uso na blanketi katikati. Usilaze uso wa meza chini halafu uweke vitu juu. Viti vinapangwa jozi: cha pili kinageuzwa juu chini, kalio linakutana na kalio, nguo katikati. Jozi tatu zinakaa mstari mmoja wa upana wa sm 135, zinajaza nafasi iliyobaki na kuzuia vile vilivyosimama visianguke.

Kufunga: mikanda ya kukaza ni mizuri kuliko kamba, lakini mkanda hauna huruma, unakata kona ya mninga. Kila kona weka boksi lililokunjwa mara nne. Mikanda miwili ya kukatiza, na wa tatu upite mbele ya mzigo kuuvuta nyuma. Huo wa tatu wengi wanausahau, wakati kutoka huku kwenda Dar Kitonga ni mteremko: kila ukikanyaga breki mzigo unataka kuingia kebini. Mkitumia kamba, ya nailoni ikilowa hurefuka na kulegea, ya katani ikilowa hukaza. Yoyote ile, simama Ifunda, kaza upya. Halafu tena Ilula kabla ya kushuka.

Turubai livutwe mpaka likae kama ngoma. Turubai linalopigapiga kwa upepo kutoka Mafinga hadi Chalinze ni msasa. Ncha zinazotokeza nyuma zifungwe kitambaa chekundu, taa na namba za gari zisifunikwe.

Kitonga shuka na gia ya pili; ya otomatiki toa D, weka 2 au L. Ukisikia harufu ya breki umeshachelewa, tafuta pa kuegesha upoe. Usimpite lori kwenye kona hata kama linatambaa.

Ratiba yako ya tarehe 28 irekebishe. Mbeya hadi Mafinga ni kama kilomita 250, Mafinga hadi Dar kama 580. Mkitoka Mbeya saa 2 asubuhi mtafika kwa fundi saa 7 au saa 8 mchana. Kagua, pakia kukiwa na mwanga, lala Mafinga, ondoka saa 12 asubuhi ya 29. Siku hizo za sikukuu hesabu saa 11 hadi 13 barabarani. Lori likiharibika Kitonga, ongeza zako.

Na tafadhali, msirundike mahitaji juu ya samani. Najua watu wa Dar: mchele Igurusi, viazi Makambako, nyanya Ilula, vitunguu Ruaha Mbuyuni, vyote juu ya meza mpya. Gunia la viazi linatoa unyevu na udongo, na vanishi ya wiki moja inachukua alama ya katani ya gunia. Mchele uende kwenye kiti cha nyuma na watoto.

---

Mkaguzi_Mstaafu (Iringa)

Kuhusu vibali. Misitu inasimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mbao ghafi hazisafiri bila hati ya kusafirisha mazao ya misitu, ile watu wanayoiita TP. Saa za kutembea na mzigo waulizeni TFS wenyewe. Kwa samani zilizokamilika, nenda na fundi ofisi ya TFS ya wilaya pale pale Mafinga siku mnayopita kwenda, mtaje idadi, aina ya mbao na namba ya gari, mwandikiwe kinachotakiwa. Kufanya hivyo kabla ni nusu saa. Kuelezana kizuizini na mzigo umefungwa ni nusu siku.

Fundi awape risiti inayotaja vitu kimoja kimoja: kitanda kimoja cha mninga, meza moja, viti sita. Risiti ya "samani mbalimbali" haimsaidii mtu kizuizini. Nakala ya makubaliano yenu ya kazi iwe garini pia, na kama kabati linakwenda na gari jingine, liwe na karatasi zake.

Kinachowaponza wengi ni tamaa ya mwisho: mtu ameshapakia kitanda, anaona mbao za mbili kwa nne ni bei nafuu, anachomeka kumi chini ya chaga. Mzigo umeshabadilika, sasa una mbao ghafi zisizo na hati.

Kama kabati litapanda Kenta, dereva ajue kwamba magari ya tani 3.5 na kuendelea yanaingia mizani, kuanzia Wenda. Na pale hifadhi ya Mikumi barabara inakata mbuga kilomita 50, kufuata alama za mwendo si hiari; ukigonga mnyama unalipa, na breki ya ghafla ndiyo inayorusha viti.

---

Brashi_ya_Uyole

Naongezea la vanishi, na hapa natofautiana na mpango wa fundi wako. Kupaka tarehe 23 na kupakia 28 kwa mvua za Mafinga ni mapema mno. Vanishi ya mafuta inaweza kukauka juu kwa siku moja, ndani bado ni laini wiki mbili. Mtihani wake: bonyeza kwa kucha sehemu iliyojificha, ikiacha alama haijakomaa. Nusa pia; ikinuka thina kwa karibu, bado inapumua. Ukiifunga kwa nailoni hapo, nailoni inaganda na ikitolewa inaondoka na ngozi.

Ile ya kupuliza inayokauka haraka nayo ina kisirani chake. Hewa ikiwa na ukungu, thina inaporuka inapoza uso wa mbao, maji ya hewani yanatua, unapata weupe kama maji ya mchele. Apulize kuanzia saa 5 asubuhi jua likitoka, au asubiri.

Ushauri wangu: asafirishe ikiwa na sila mikono miwili tu (yaani imepakwa mara mbili), iliyosuguliwa msasa wa 240. Vanishi ya mwisho ipakwe Dar baada ya wiki tatu, mbao ikishazoea hewa ya pale. Mkwaruzo wa njiani unafutika kwa msasa, hauhitaji kurudi kwa fundi.

---

RandaNaMsasa (Njombe)

Mkuu Brashi, kwa meza na kitanda nakubaliana nawe kabisa. Kwa kabati sikubali. Ndani na mgongo wa kabati hakuna fundi wa Dar atakayeingia kupaka vizuri, na mbao iliyopakwa nje tu huku ndani ikiwa wazi inanyonya unyevu upande mmoja, mlango unajipinda kama kigae. Kabati lipakwe pande zote huku huku, lisubiri Januari, lisafiri limekauka. Na chini ya uso wa meza, sila iwe mikono ile ile ya juu. Hapo mafundi wengi wanadokoa.

---

BintiKimara

Ahsanteni sana wakuu. Nimempigia fundi. Amekubali kusimamisha vanishi na kutenganisha kabati masanduku mawili. La boriti ya kati alikuwa hajaiweka kwenye hesabu, nimeongeza kidogo. Kabati litakuja na Kenta katikati ya Januari. Malipo yaliyobaki nigaweje? Na tukifika, ghorofa yetu ni ya pili, ngazi zinakunja, mlango wa chumba ni sm 80.

---

Kenta_ya_Changarawe (Mafinga)

Dada, masanduku yana kina cha sm 60, mlangoni yanapita. Shida ni kwenye kona ya ngazi kwa sababu ya kimo cha sm 213. Pima kutoka kona ya ukuta wa ngazi hadi reli iliyo mkabala, na kimo hadi dari. Sanduku linapandishwa likiwa limesimama wima kwenye kona, watu wawili chini, mmoja juu. Kama hakuna mita mbili na robo kwenda juu pale kwenye kona, mwambie fundi sasa apunguze kimo hadi futi 6 na nusu. Haijapakwa, bado ni msumeno mmoja tu.

---

RandaNaMsasa (Njombe)

Malipo: tarehe 21 ukishakagua, mpe sehemu ya vanishi na bolti tu. Ya kitanda na meza maliza mzigo ukiwa umefungwa garini. Ya kabati izuie mpaka ulione picha likiwa limesimama, milango imepachikwa na inafunga, ndipo lifunguliwe kupakiwa. Kila kipande kiandikwe herufi kwa penseli upande wa ndani, A ikutane na A, na bolti ziwekwe kwenye kitambaa na kufungwa kwenye ubavu wa kitanda. Zisiwekwe mfukoni mwa mtu.

Mkifika Dar unganisha kitanda bolti zikiwa zimekazwa kwa mkono tu. Pima kwa futi kutoka kona hadi kona, mshazari kwa mshazari. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 5, sukuma kona ndefu mpaka vilingane, ndipo spana 13 ifanye kazi. Kaza tena baada ya mwezi, kwa sababu mbao itakuwa imecheza. Kitanda kikae mbali na ukuta vidole vinne, na kiyoyozi kisikipulize moja kwa moja wiki mbili za mwanzo.